Bakteria wa Shamba la Kaka

Uholanzi

Kaka Masanja,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Na wifi, Mama Limi, kizunguzungu kilichomshika baada ya kupulizia pamba dawa kimeisha? Namfikiria sana. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Unaukumbuka ule udongo niliochota shambani kwako, pale tulipokuta viwavi wamekufa, weusi, nawe ukanicheka kwamba napeleka udongo wa Ushirombo Ulaya? Humo nimepata bakteria anayeua wadudu.

Lakini mwalimu wangu, mama asiyependa kubahatisha, alipomtazama kwa darubini alitikisa kichwa. "Anafanana na wetu tunayemfuga hapa maabara," akasema. "Huenda ndiye aliyeingia kwenye sahani yako ya kuoteshea. Usipoweza kuwatofautisha, itabidi tumtupe."

Nilirudi chumbani nikalia, kaka. Kwa macho walikuwa mapacha, Kulwa na Doto. Ilibidi niwapime kwa chakula. Kila mmoja nilimtia kwenye vichupa vyenye sukari za namna mbalimbali na rangi nyekundu. Bakteria akiila sukari hutoa uchachu, na ile rangi hugeuka njano. Sukari ya kwanza, wote njano. Ya pili, vilevile. Nikaanza kukata tamaa. Nilipofika kwenye sukari itokanayo na gome la mti, kichupa cha bakteria wa hapa kilikuwa njano, cha yule wa shambani kwako kimebaki chekundu. Nikarudia kwa vichupa vipya nikihofu nimekosea. Jibu likawa lilelile.

Mwalimu aliviinua vichupa dirishani, akavilinganisha.

"Basi si wetu," akasema. "Ametoka kwenu. Sasa tumjaribu kwa viwavi."

Tulimpaka kwenye majani. Viwavi walikula kidogo, wakaacha. Kesho yake walikuwa wamelegea, na wengi wakafa.

Kazi bado ipo. Lazima tuhakikishe hamdhuru mtu wala ng'ombe, na sijui kama atawaweza funza wa huko wanaotoboa vitumba vya pamba. Lakini mwalimu ameniombea ruhusa nije kumjaribu nyumbani msimu ujao. Nitashuka treni Isaka, nitafute lori la kuja huko. Niachie mistari michache ya pamba upande wa kisimani, usiipulizie kitu. Hiyo nitaihudumia mwenyewe.

Nisalimie mama, wifi na watoto, na mjomba fundi cherehani. Mungu awaweke salama mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Kabula