Majibu ya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Wameniachia mimi kazi ya kuifungulia maabara ya hospitali njia ya intaneti! Mgonjwa asome majibu yake akiwa nyumbani, asipange foleni dirishani. Seva ya majibu, ile kompyuta inayoyatunza, ni kongwe, haijawahi kuongea na mtu nje ya jengo hili. Siigusi. Naweka seva nyingine mbele yake, iwe kama bawabu: ipokee maombi, ikague nywila, ndipo iingie ndani kuuliza.

Dada amepiga. Kile kinyama walichomtoa kwenye titi kimeletwa maabara kwetu kupimwa. Anacheka, ati nimharakishie. Nikacheka pia.

Jumatano, 5 Juni

Nimebishana na mkuu wa maabara — tunamwita Miwani. Anasema kuna majibu ambayo mtu hapaswi kuyasoma peke yake, kakaa jikoni na simu. Nikasema, lakini mwili si wake? Mwishowe tumepatana: kabla ya majibu mazito kufunguka, ukurasa umuulize mgonjwa — usome sasa, au umsubiri daktari? Achague mwenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Cheti cha usalama kimekubali! Kale kakufuli kametokea kando ya anwani ya tovuti yetu. Nimefurahi kama mtoto.

Halafu majibu ya dada yakaingia. Jina lake hilo hapo, kubonyeza tu. Na funguo zote ninazo mimi!

Nikampigia. Yapo, nikamwambia. Akauliza kama nimeyasoma. Hapana.

"Basi usiyasome. Nitayasoma mwenyewe. Usianze kunihurumia kabla sijajua nahurumiwa kwa lipi."

Nimejiondolea ruhusa ya kufungua majibu ya wagonjwa. Miwani alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Majaribio shwari. Dada hajapiga.

Jumatatu, 10 Juni

Tumefungua asubuhi. Maombi yakaja mojamoja, kisha kwa wingi, na ile kongwe inajibu tu, wala haikwami. Miwani kaniletea chai — yeye!

Bawabu wangu anaandika nani kaingia na kafungua ukurasa gani. Kilichomo ndani haonyeshi.

Sasa hivi dada amepiga. Anauliza ataingiaje. Nimemwelekeza polepole, hatua kwa hatua. Naye anaitikia, ehe, ehe.

"Haya, nimefika. Sijabonyeza bado. Ngoja nimwite shemeji yako akae karibu."

Sauti laini mno, ya kumbembeleza mtu.

Simu iko mezani, spika nimewasha. Naandika ili mikono ipate kazi. Kwenye skrini yangu naona: aliingia tangu asubuhi. Ukurasa ukamuuliza: usome sasa, au umsubiri daktari? Akachagua kusoma. Akafungua, akafunga. Akafungua tena.

Sijamwambia.

Nasikia kiti kinavutwa.

"Upo, mdogo wangu?"

Nipo, dada.