Sindano za Ijumaa

Fisksätra, 9 Novemba 2008

Mdogo wangu Lameck,

Nakusalimu sana, wewe na mkeo na wajukuu, na hao mbuzi unaowapenda kuliko ndugu zako. Mgongo unaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Baridi imeingia, lakini huku baridi haihesabiwi kuwa habari. Barua hii isome mwenyewe, usimpe mwalimu akusomee kwa sauti, maana mbele kuna neno linalohusu damu yako, na nataka ulijue wewe kabla ya kijiji kizima. Lakini nianze na shemeji yako, kwa sababu kwake ndiko lilikotokea.

Agripina anaumwa ini. Kuna mdudu anaitwa hepatitisi C, amekaa ndani yake miaka mingi kimya kama mgeni asiyekohoa. Walimgundua mwaka jana, alipokuwa anachoka mpaka kufunga kilemba kukawa kazi ya kupumzikia katikati. Wakampa vidonge vya kila siku na sindano moja kila Ijumaa, kwa wiki arobaini na nane. Tumefika ya thelathini. Damu waliyopima wiki ya kumi na mbili haikuonyesha mdudu, lakini tukiachia njiani anaweza kurudi. Kwa hiyo hatuachi, hata akinitukana.

Na ananitukana, Lameck! Mwanamke aliyeniita Baba Natacha miaka yote, sasa ananiita majina ambayo hata mama yetu hakuyafikia. Nesi wake, Gunilla, alinionya kwamba ni dawa inayosema, si mke. Nami nimeona dawa hiyo inanifahamu vizuri sana. Jumamosi anatetemeka kama jogoo aliyenyeshewa. Namfunika, nampa panadoli kwa kiasi alichoandika nesi, wala siongezi, kwa kuwa nazo zinapita kwenye ini hilo hilo. Chakula chote kilikuwa kinamlalia mdomoni kwa ladha ya chuma, nikatupa vijiko vya bati, nikamnunulia cha mti. Asubuhi tangawizi, halafu uji kidogo, halafu baada ya saa mbili ndizi moja na maharage, sahani ya mtoto, mara sita kwa siku. Ngozi inamwasha, nampaka mafuta mgongoni. Hiyo kazi siilalamikii.

Ndiyo, napika mimi. Binti yetu Natacha hunicheka kwa Kiswidi akidhani sielewi, kana kwamba kicheko nacho kina lugha. Chumvi nimeipunguza, mafuta pia. Agripina alionja wali wangu akasema hata jela wanatia chumvi. Mama Prudence wa kanisani alituletea sufuria ya majani ya muhogo, sombe yenyewe, inayoogelea kwenye mawese. Nilimpokea mlangoni, nikamshukuru kwa niaba ya mgonjwa, nikaila yote mwenyewe kwenye ngazi. Hiyo dhambi Mungu anayo, nawe sasa unayo.

Kanisani humo wengine walianza kumtengea Agripina kikombe. Gunilla alikuwa ameshatueleza kwamba ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala kukumbatiana. Njia yake ni damu. Basi Jumapili moja baada ya ibada nikachukua chai aliyoibakiza mke wangu, nikainywa mbele ya wazee wa kanisa mpaka nikalamba ukingo. Mchungaji akakohoa. Siku hizi vikombe vimechanganyika tena.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Hivi karibuni, ilipofika zamu yangu ya kufundishwa hospitalini jinsi ya kumchoma nyumbani, Gunilla alinikabidhi sindano. Nikashika, nikatoa hewa, nikachoma, Agripina hata hakukunja uso. Gunilla akashangaa, akamuuliza Natacha mkono wa baba yake umejifunza wapi. Hapo nikavimba. Unanijua nikisifiwa. Nikamwambia Natacha atafsiri: kwamba kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, yule mganga wa misheni alipoondoka, aliniachia bomba moja la kioo na sindano mbili, kwamba mimi wa darasa la nne nilikuwa daktari, kwamba nilichoma watu arobaini kabla ya saa sita, kwamba nilizichemsha asubuhi kama kuni zipo, na kama hazipo nilizifuta kwa pamba yenye spiriti, na zikiwa butu nilizinoa kwenye jiwe.

Natacha alikuwa ameacha kutafsiri tangu kwenye kuni. Nikamhimiza aendelee, asinikatie sifa. Yeye anamtazama mama yake. Na Gunilla, ambaye hajaelewa bado, anaitupa kwenye kisanduku cha manjano ile sindano niliyotoka kuitumia, nzima, inang'aa, imechoma mara moja tu.

Nikahesabu mwenyewe: sindano mbili, watu arobaini.

Natacha alipomaliza kutafsiri, Gunilla hakunigombeza. Alisema hakuna awezaye kuapa mdudu alipita wapi, na kwamba miaka ile sindano za namna hiyo zilizunguka kwingi. Wakanipima na mimi. Majibu yalikuja baadaye: sina kitu. Unajua kwa nini, usicheke: daktari wako aliogopa sindano. Malaria yangu niliitibu kwa vidonge, nimejificha nyuma ya ghala.

Kwenye treni ya kurudi siku ile nilikalia mikono yangu. Agripina ndiye aliyeanza kuzungumza. Alisema alilijua tangu siku ya kwanza walipomuuliza kama aliwahi kuchomwa sindano zamani. Alinificha jambo hilo, maana ningelala kwa huzuni, na nani angempikia, hata kwa ubaya huo? Akasema nikitaka kulia nilie baada ya kubandika maharage, na machozi yakiisha nikuandikie wewe.

Maharage yako motoni, Lameck. Mwaka ule mguu wako ulipooza kwa kidonda nilikuchoma mara saba, na siku nyingine Agripina alikuwa mbele yako kwenye foleni. Nenda hospitali kubwa, uwaambie wakupime damu, hepatitisi C. Usiniambie huumwi popote. Agripina hakuumwa popote miaka thelathini. Mpaka majibu yatoke, pombe uiage, na wembe wako usimwazime mtu.

Ukitoka huko, wapitie wengine tuliokuwa nao kambini, nyumba kwa nyumba. Anza kwa watoto wa marehemu Juvénal, ambao nao niliwachoma. Nakujua, utataka kunisitiri, utasema serikali imetangaza watu wapimwe. Usifanye hivyo. Mtu haachi shamba lake msimu wa kupanda kwa ajili ya tangazo. Ataacha akijua ni sindano ipi. Waambie ni yangu. Watajie jina langu lote, na wakitukana, waache watukane, nina mazoezi.

Agripina anawasalimu, anasema mguu wako anaukumbuka kwa harufu. Natacha naye anakuamkia. Nijibu upesi, na kwanza uandike majibu ya kipimo, mahubiri baadaye.

Ni mimi kaka yako,

Herménégilde