Kabula, Ulijuaje Nitarusha Huko?

Kabula, ndugu yangu wa dunguni,

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko Mang'ula mnakula wali au mnameza tu ilimradi tumbo lijae. Mimi bado sijakusalimu. Nina swali nawe, likishatoka ndipo tutajuliana hali.

Hii ni mara ya pili nakaa kuandika. Mara ya kwanza niliandika jina lako, nikainuka nikaenda kufagia uwanja, na uwanja nilikuwa nimeufagia asubuhi. Nikarudi, nikakumbuka ndoo haina maji. Maharage nayo nimeyaunguza, nyumba nzima inanuka. Mwili hautulii. Tangu Jumamosi ile ya mechi, nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kukaa, na Mwalimu Tumaini anataka jibu kabla ya Ijumaa: nakwenda kambi ya timu ya mkoa huko Morogoro, au siendi. Jina langu limesomwa na lako limesomwa. Wenzangu hawaelewi mtu anabembelezwaje kwenda mahali alipokuwa anapaota tangu darasa la sita. Wanadhani naringa. Sijawaambia kwamba naogopa kukutana na wewe.

Ila ngoja nianzie mbali kidogo, nikianza na Jumamosi nitaandika kwa hasira.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa dungu moja? Shamba lenu na letu yalipakana, ng'ambo ya mto upande wa Lupiro, na dungu lenu lilikuwa limeliwa na mchwa, basi ukahamia kwetu na mkeka wako. Wazazi wakishahamia shamba, na sisi likizo ikifika tunawafuata kuamia ndege. Asubuhi mpaka jioni tuko juu ya zile nguzo, mpunga unainama chini yetu, na vile vindege vikitua kundi zima shamba linabadilika rangi. Mimi kazi yangu kombeo, wewe kazi yako kelele. Mama alisema ukipiga ukelele hata watu wa Mofu huko mbali wanageuka kuangalia nani kafa.

Uchokozi ulikuwa wako, usibishe. Sauti ikikukauka unashuka chini, unasimama kwenye tuta, unaniambia, "Konso, nirushie mimi. Hao ndege wameshakuzoea." Nami naviringisha bonge la tope, nakurushia kwa mkono, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu ulikuwa unanuna nikirusha kidogo kidogo. Ukidaka unacheka, ukikosa unacheka, na gauni limejaa tope mpaka mama anatishia kukulaza nje. Siku mpira wa mikono ulipoletwa shuleni, mwalimu alituangalia, mimi narusha, wewe unadaka, akauliza tumefundishwa na nani. Ukamjibu, "Na ndege, mwalimu." Darasa zima likacheka, yeye hakucheka, akaandika majina yetu.

Kisha kipandio cha dungu kikakatika. Ulikuwa unashuka kufuata mabonge mengine. Nikasikia mti unavunjika, nikachungulia, nikakuona chini umeulalia mkono wako wa kushoto. Hukulia. Ulisema tu, "Konso, usiruke, utaniangukia." Baba yako alikupakia kwenye baiskeli mpaka Lupiro kwa yule mzee anayeunga mifupa, ukarudi umefungwa vijiti. Vijiti vilipofunguliwa mkono ulifanya kila kitu, ulifua, ulitwanga, ulibeba maji. Ila kupanda juu uligoma. Ukifika usawa wa sikio, basi, mwisho wa safari.

Tulikuwa nyuma ya choo cha shule uliponionyesha. Ulisema, "Usimwambie mtu. Wakijua hawaniweki golini." Sikuapa wala nini, nilikwambia tu sawa. Tukakaa siku nyingi tunatafuta dawa yake, na dawa uliigundua mwenyewe: kabla mtu hajarusha, unasogea hatua moja kushoto. Mrushaji anaona uwazi mkubwa upande wa kulia, anarusha huko, mkono wako mzima unamsubiri. Wilaya nzima wakasema Kabula ana akili ya golikipa. Akili ulikuwa nayo, sikatai. Lakini mimi peke yangu nilijua kwamba pale juu kushoto hapakuwa na mtu.

Sasa nakuja kwenye lile la kuondoka, na hapa utanisamehe, maana bado linanichoma.

Mimi niko dunguni na mama, likizo inaisha, nahesabu siku za kurudi mjini tufanye mazoezi. Wewe uko mjini, shule ya Mang'ula imekutaka, bweni lipo, timu ipo, shangazi yako amekuja kukuchukua. Hakuna ubaya wowote. Ningekuwa mimi ningekwenda mbio. Lakini nilirudi na tope miguuni, nikapitia kwenu kabla hata ya kufika kwetu, nikamwamkia mama yako, akaniambia, "Kabula? Si alishaondoka, hakukuaga?" Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha hata kupepeta. Nilimwambia labda nimesahau. Nilikwenda uwanjani jioni ile, nikalikuta goli letu na mbuzi wa watu amefungwa kwenye nguzo yake.

Hukunisubiri, Kabula. Ulinizingua. Hilo ndilo nililotaka kulisema siku zote hizi, na kwenye meseji ya simu ya shangazi yako haliandikiki.

Basi ratiba ikatoka, nusu fainali sisi na nyinyi, Ifakara, kwenye uwanja wetu. Mwalimu Tumaini akaniita ofisini. "Konso, yule golikipa ulikuwa naye miaka yote. Upande wake mbovu ni upi?"

"Hana, mwalimu."

"Kila golikipa anao."

"Huyu hana."

Akaniambia niende. Ila Rehema, unamkumbuka, ndiye kapteni sasa, alikuwa mlangoni na alisikia. Mazoezini akaniuliza mbele ya wenzake, "Hivi wewe unachezea timu gani?" Nilimwambia afunge kamba za viatu vyake. Tangu hapo hatukuwa tunapeana pasi vizuri, ananirushia mpira kama ananirudishia kitu nilichomwibia. Nilivumilia. Nilisema, siri ni siri, na ningelala njaa kuliko kuitoa.

Ndiyo ikaja Jumamosi. Mistari tulikuwa tumeichora wenyewe kwa majivu ya pumba kutoka mashineni. Fuso lenu likaingia mnaimba, nikakutafuta nikakuona, umeongezeka kimo, umesuka. Tulipopanga mstari kupeana mikono ulinishika kiganja ukaachia, na mimi nikaachia, tukawa watu wawili waliopishana sokoni. Nilikuwa nimeamua tangu asubuhi kwamba mipira yangu yote itakwenda kulia kwako. Nilirusha kulia kipindi chote cha kwanza. Ulidaka karibu yote, na kila ukidaka ulikuwa unaniangalia vibaya. Nilidhani ni ushindani tu. Siku hizi nikiukumbuka uso ule nauona ni ule wa kwenye tuta, nikirusha kidogo kidogo.

Mechi ikafika mwisho tuko nyuma goli moja, na refa akatupa penati. Rehema akauchukua mpira, akaufuta kwenye jezi, akaja akanipa mimi. Baada ya maneno yote yale, alinipa mimi. Nikasimama kwenye alama, wewe uko golini, na nikakuona unasogea ile hatua moja kushoto, ileile.

Nataka uamini hili: sikufikiri. Nilijua nitarusha kulia, nilikuwa nimeshaamua. Mkono ukaenda nyuma, na ulipokuja mbele mpira ulikuwa unakwenda juu kushoto. Pale pasipokuwa na mtu. Nilitoa sauti kabla mpira haujafika, nilitaka kuurudisha.

Na ule mkono ukapanda. Ulipita sikio, ukapita kichwa, ukanyooka mpaka kwenye mwamba wa goli, ukaudaka mpira kwa kiganja kimoja ukaushusha kifuani. Filimbi ikalia. Wenzako wakakurukia.

Nilibaki nimesimama palepale. Sijui kama nilikuwa nalia kwa sababu tumefungwa au kwa sababu umeudaka. Rehema alinishika begani, akasema, "Ile hakuna ambaye angefunga, Konso, usijilaumu." Masikini, angejua. Wewe ukajitoa kwa wenzako, ukapita kando yangu na mpira kwapani, ukasema, "Nilikuwa nakungoja huko huko." Hukucheka wala hukununa. Fuso likapiga honi, dereva wenu anahofia mvua, nikageuka kukutafuta nikaona vumbi.

Sasa niambie. Ulijuaje nitarusha huko?

Kama ulijua nitakugeuka, basi ulikuwa unaniona msaliti tangu zamani, na penati ile umeishinda kwa kunijua ubaya wangu. Hapo kambini siji, maana siwezi kulala chumba kimoja na mtu anayeniona hivyo. Nikiwaza hivyo nakasirika, nikishakasirika nakasirikia kitu kingine: mkono umepona lini? Nani amekunyoosha? Mimi nimekosana na kapteni, nimemdanganya mwalimu ofisini kwake, nimelinda siri ya mkono ambao ni mzima kuliko wangu. Ungenitumia hata neno moja. Nilicheka peke yangu nikitwanga, majirani wakadhani nimeanza wazimu.

Jumapili baada ya misa nikaenda shamba, nikamweleza mama yote. Alisikiliza huku macho yakiwa kwenye mpunga.

"Alisema alikuwa anakungoja?"

"Ndiyo."

"Alisema umemsaliti?"

"Hapana."

"Sasa hilo umelitoa wapi?" Akainama kuokota bonge. "Unamtilia mwenzio maneno mdomoni halafu unayalilia. Kwanza kinachokuuma si penati. Kinachokuuma ni kule kuondoka. Shika kombeo, wewe, ndege wanakula."

Nikashika kombeo. Nilirusha mpaka bega likawaka moto. Na kila nikirusha naliangalia lile tuta ulipokuwa unasimama, na nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unanuna. Hukuwahi kununa kwa sababu nilikupiga na bonge. Ulinuna nikikuhurumia. Kipindi kizima cha kwanza nilikuwa nakuhurumia mbele ya watu, narusha kulia, kulia, kulia, na wewe una mkono mpya unaotaka kuonyesha kwa mtu mmoja tu uwanja mzima, yule aliyeujua ulipokuwa mbovu. Labda ndivyo. Labda najifariji. Hapa nilipo kalamu nimeitafuna mwisho wote.

Lakini nimegundua kwamba lile swali la juu si swali langu. Ulijuaje nitarusha huko? Ulijua kwa sababu unanijua. Ningeshangaa usingejua. Swali langu ni lingine, na ni dogo, na naona aibu kulikazania hivi: golini uliningoja, kwa nini nyumbani hukuningoja?

Usinijibu kwa barua. Sitaki karatasi, nataka uso wako.

Barua niliiachia hapo jana. Leo nimemwambia Mwalimu Tumaini kwamba naenda. Rehema alisikia, safari hii akapiga makofi. Basi letu linatoka hapa Jumapili asubuhi, na njia ni hiyo moja, litapita Mang'ula. Najua shule yenu inataka kukutanguliza Jumamosi kwa gari la mwalimu wenu, habari hizi zinafika. Kataa. Sema unaumwa, sema nguo hazijakauka, sema chochote. Jumapili kaa hapo stendi na begi lako. Nitakuwekea nafasi upande wa dirisha kwa begi langu, na mama amenipa mchele mpya, atakayetaka kukaa hapo nitamwambia pana mtu.

Kambini nitakurushia juu kushoto kila asubuhi, kwa nguvu zangu zote, na ole wako uachie hata mmoja.

Ila hilo ni la Morogoro. Kwanza hili la Jumapili. Safari hii, Kabula, usitangulie.

Mwenzako wa dungu moja,
Konso