Sahihi ya Mtu Asiyekuwepo Chumbani

Jumatatu, 5 Februari 1996
Wagonjwa wawili. Nimebandika waya vifuani, nimewatembeza juu ya mkanda wa mashine, michoro ya moyo imetoka. Kisha fomu za bima. Sahihi tatu kila fomu: daktari, fundi, mgonjwa. Fundi ni mimi. Chai ya zahanati imekuwa maji tu siku hizi.
Kesho analetwa mama mkwe. Kifua kinamuuma tangu Krismasi. Rose, mke wangu, halali vizuri.

Jumanne, 6 Februari
Amekuja amejifunika leso mpaka machoni. Huku mkwe na mama mkwe hawatazamani; hata salamu tunapeana kupitia kwa Rose. Huyo ndiye nimvue blauzi nimbandike waya? Haiwezekani. Nimempa kazi Sista Everlyne. Mimi nimesimama verandani, nimeligeuzia dirisha mgongo, namwambia Sista wakati wa kuongeza mwendo. Dakika ya nne Sista akaisimamisha mashine. Nikamsikia mama akihema.
Mchoro ni mbaya. Nimeusoma alipokwisha kuondoka. Daktari anataka aende Nairobi upesi, mishipa ya moyo ikaangaliwe. Bima ya kazini kwa mama italipa, ikishaikubali fomu yetu.
Sehemu ya fundi nimeiacha wazi. Sikuwa ndani.

Alhamisi, 15 Februari
Fomu imerudi. Kalamu nyekundu: "Sahihi ya fundi haipo." Basi. Kuhusu moyo, hata neno moja. Nimemwambia Everlyne atie sahihi yake, tumeituma tena.

Ijumaa, 23 Februari
Imerudi tena! Eti muuguzi hana cheti cha mashine. Ama fundi atie sahihi, ama kipimo kirudiwe fundi akiwepo.
Kirudiwe. Apandishwe tena mpaka aanguke, ndipo waridhike? Watu wa kukaa kwenye viti vya kuzunguka. Nimepiga kabati teke, kidole kimevimba.
Daktari ananishangaa. "Si uweke tu sahihi? Hii ni karatasi."
Kwake ni karatasi. Hakuoa huku. Juu ya mahali pa sahihi imeandikwa kwamba fundi alikuwa chumbani, akimtazama mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Nikiri kwa mkono wangu kwamba nilimtazama mama mkwe kifua wazi? Halafu naye atie sahihi chini ya yangu?

Jumapili, 25 Februari
Jana mama alikaa kitako katikati ya soko la Lubao, akashindwa kuinuka. Watu wakadhani amelewa. Yeye, mama wa kanisa.
Rose hajapika. Ameniuliza swali moja tu: "Mtaheshimiananga mpaka kaburini?"
Nimetia sahihi. Najichukia. Rose ameondoka na fomu, ampelekee mama atie yake.

Jumatatu, 26 Februari
Amekataa. Ujumbe wake, kwa mdomo wa Rose: "Mwambie mimi sisemangi uongo. Hakuwa ndani. Kama ni kufa, nife na adabu yangu."
Nimewaka. Nimemkasirikia mama mgonjwa ambaye hata siwezi kumwambia kwamba nimemkasirikia. Rose analia, mimi nafoka, mtoto wetu katorokea kwa jirani. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba mama ana haki. Mimi ndiye niliyeandika uongo.
Nimeikata sahihi yangu kwa mstari. Nyuma ya fomu nimeandika kwa herufi kubwa: "Mgonjwa ni mama mzazi wa mke wangu. Nilikuwa verandani kwa sababu hiyo. Mchoro ni wa kweli na mama anaumia. Mkitaka uongo, tafuteni fundi mwingine."
Mama ametia sahihi chini ya hayo, mara moja, bila kuuliza. Daktari anasema watu wa bima huko Nairobi watatucheka. Wacheke.

Ijumaa, 1 Machi
Kimya. Mama sasa analala ameketi. Nimegombana na mlinzi kwa sababu ya geti. Geti halikuwa na kosa, wala yeye.

Jumanne, 5 Machi
Imekubaliwa. Kalamu ileile nyekundu: "Imeeleweka. Nami nina mkwe."
Rose amecheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki nne nzima. Tarehe kumi na tano huyo mkwe wake alikuwa wapi?

Alhamisi, 7 Machi
Wamesafiri asubuhi, Rose na mama. Nilibeba mfuko mpaka stendi, nikauweka chini, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Rose akauchukua. Mama alipanda ngazi za basi polepole, akipumzika kila ngazi. Nilijua kwa sauti ya pumzi zake.
Rose amepiga simu zahanati kutoka Nakuru, basi lilipopumzika. Anasema basi lilipoondoka mama alinipungia mkono, kwa muda mrefu, mpaka kona.
Sikuona. Nilikuwa nimegeukia ukuta, kama inavyotakiwa.