Usibonyeze Haraka

Mwembesongo, Morogoro
Jumapili, baada ya mvua

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima. Naomba barua hii ikukute nawe ukiwa mzima, magoti yamepoa, na baridi ya huko Mgeta imekuonea huruma kidogo. Shemeji Josephina, najua ni wewe unayemsomea mama. Nakusalimu sana. Soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona panauma.

Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako Erick amerudi kazini. Jioni anasonga ugali mwenyewe na kunicheka ninavyounguza mboga. Kabichi na njegere mlizotuma zilifika hazijalegea hata kidogo. Njegere nilizimenya nimekaa kwenye kigoda cha marehemu Anastasia, nikakumbuka alivyokuwa akizitafuna mbichi huku akimenya, halafu bakuli likikataa kujaa analalamika kwamba watu wa kwao siku hizi wanatuma maganda matupu.

Mama, siku ile tulipomaliza matanga nilikupa picha za marehemu, ile ya kipaimara cha Erick na ile aliyovaa kitenge cha bluu. Ulizipapasa, ukanirudishia kwa upole. Ulisema picha ni za wenye macho, na yako yameshaingia ukungu, ukaniomba nikuletee sauti ya mwanao, kwa kuwa ulisikia tulikuwa tunarekodi vitu kwenye simu. Niliitikia upesi kwamba nitaleta. Tangu hapo umeniulizia kupitia kwa Josephina, nami nimekuwa nikijibu mara simu mbovu, mara kazi zimenibana hapa kwenye karakana. Leo nataka kukujibu kweli. Nimeamua kuandika kwa sababu mbele yako ulimi wangu ni ulimi wa mkwe, unainama, na kwenye simu nisingefika mwisho.

Unaikumbuka marimba ya babu yangu wa Gairo, kile kisanduku chenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba. Uliwahi kusema kinalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kibuyu. Mlio ule unatoka kwenye utando wa buibui tunaoubandika juu ya tundu lake, na kwa ajili hiyo Anastasia hakuwa anafagia ukuta wa nyuma ya mlango. Wageni wakimcheka aliwaambia wale ni buibui wa mume wake, wako kazini.

Mwaka jana baba yangu mdogo, Amosi, aliomba kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp nirekodi wimbo wa babu wa kurudi shambani, maana nimebaki peke yangu ninayeujua. Niliona ni jambo dogo. Wimbo ule naupiga hata nikiwa nusu usingizini. Lakini Anastasia aliposhika simu na kusema haya Baba Erick, imewaka, vidole vyangu viligeuka vya mtu mwingine. Katikati ya wimbo kuna mahali ambapo gumba la kushoto linatakiwa kuruka chuma kimoja. Nilijikwaa pale. Nilipoanza upya nikawa napafikiria mahali pale kabla sijapafikia, mikono ikatoka jasho, nikakosea mapema zaidi.

Anastasia alicheka mpaka simu ikatikisika. Alisema vidole vyangu vinaiogopa simu kama mbuzi anavyoogopa manyunyu. Jirani yetu Mama Shadia akapita uani, akauliza mzee leo anamwimbia nani, na Anastasia akamjibu kwamba natafuta mke wa pili kwa marimba, kama anataka nafasi awahi. Wakagongana viganja kwa kicheko. Yote hayo yaliingia kwenye rekodi, pamoja na sauti yangu nikisema jamani, jamani.

Tulirudia jioni nyingi. Mara alipiga chafya. Mara alimkemea kuku aliyeingia kwenye unga, akimwita kwa jina la mjomba wake, yule unayemjua. Jioni moja nilipita mahali pale pabaya salama kabisa, naye kwa furaha akaanza kuimba, akipachika maneno yenu ya Kiluguru kwenye wimbo wetu sisi Wakaguru. Nikatetereka, nikaharibu. Alisema babu yangu asingekasirika hata kidogo, ningekasirika mimi tu.

Na ni kweli nilikasirika. Kila iliyoharibika niliifuta palepale, mbele yake. Nilikuwa naona aibu, mama. Mtu mzima nimezaliwa na marimba mapajani, nashindwa na kitu kidogo kama simu. Sikutaka mtu asikie, hata mimi mwenyewe sikutaka kusikia. Aliniomba niache angalau moja tuje tuicheke uzeeni. Nilimwambia makosa hayatunzwi.

Mwishowe nilimwomba, bila ukali lakini bila kutabasamu, kwamba leo anyamaze kabisa. Aliniangalia, akasema sawa mwalimu, akajiziba mdomo kwa pindo la kanga. Nikapiga wimbo mpaka mwisho bila kosa. Chuma cha mwisho kikiwa bado kinavuma, nilimwona anashusha ile kanga, nami nikanyoosha mkono upesi nikabonyeza kuzima, asije akaniharibia. Kisha nikaichukua simu nikaiinamia ili niitume. Alisema kitu. Nikamwambia subiri kidogo. Baba mdogo na wenzake wakaanza kunipongeza, nami nikawa nawajibu mmoja mmoja, na nilipoinua kichwa alikuwa ameshakwenda kuangalia maharage jikoni. Sikumfuata kumuuliza alisema nini. Nilijua siku zipo.

Yaliyofuata unayajua. Ulikuwa pale wodini, ulimshika miguu.

Kwa hiyo mama, nilipokuahidi sauti, nilikuahidi kitu ambacho nilikuwa nimekitupa kwa mkono wangu. Marehemu hakuwa mtu wa kutuma ujumbe wa sauti, alipenda kupiga na kuongea moja kwa moja, kwa hiyo hata kwa ndugu hakuna kilichobaki. Nilikwenda kwa fundi simu mmoja mjini, kijana anayeitwa Said. Kwanza alinitania, akasema wazee wakifuta vitu halafu wakavitafuta, huwa ni mambo ya nyumba ndogo. Nilipomweleza, akasogeza pembeni kazi za watu wengine, akahangaika na simu yangu mpaka adhuhuri. Hakupata kitu. Aliniomba radhi kama vile yeye ndiye aliyefuta.

Ilibaki ile moja, ile safi. Sikuwa nimeigusa tangu msiba, maana nilijua ndani yake hayumo. Juzi nikaiweka sikioni. Wimbo unakwenda vizuri, hakuna kuku, hakuna chafya, hakuna mtu. Nikaona kweli nilipata nilichokitaka. Lakini mwishoni kabisa, chuma kikiwa kinavuma, kuna mtu anavuta pumzi. Ni yeye, mama. Ni ile pumzi yake ya kuanzia maneno, ambayo wewe unaijua kuliko mimi, akiwa na jambo la kuchekesha na anaogopa lisije likamponyoka. Anavuta pumzi, halafu kimya. Hapo ndipo kilipoingia kidole changu.

Nimeisikiliza hadi Erick ameninyang'anya simu. Hiyo ndiyo sauti ya mwanao niliyonayo, pumzi moja, na neno lake nililizima mimi. Naomba unisamehe. Ukishindwa sasa hivi nitaelewa, nitangoja.

Nimeiweka kwenye memori kadi iliyofungwa kwa karatasi ndani ya bahasha hii. Josephina ataichomeka kwenye kile kiredio chako. Sikiliza wimbo mpaka mwisho, na mwishoni uongeze sauti.

Baada ya hiyo nimeweka nyingine, niliyojirekodi jana peke yangu, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye kikombe chake. Nilipofika mahali pale nikakwama kama zamani. Sikuanza upya. Niliacha mikono juu ya vyuma, nikangoja, kama vile kuna mtu atasema kitu. Mama Shadia alikuwa anapita nje, akauliza kama yule mke wa pili ameshapatikana, halafu nikamsikia analia ukutani kwetu. Nikamalizia wimbo hivyohivyo. Nimeiacha ilivyo, sijafuta chochote.

Sasa nina ombi, mama, ingawa najua si mimi ninayestahili kuomba. Anastasia alirithi kicheko chako. Siku ya matanga, mjomba alipodondosha bakuli la mchuzi, ulicheka kidogo ukajikatiza, nami niligeuka kumtafuta yeye. Naomba ukubali Josephina akurekodi. Sema lolote. Nigombeze ukitaka. Mseme marehemu utoto wake, alivyokuwa akikataa kwenda kuchota maji. Ukikohoa, kohoa. Ukimwona mbuzi kwenye mboga, mfukuze. Ukisahau ulichotaka kusema, kaa tu mpaka ukikumbuke.

Nawe shemeji, nakusihi, usimwambie mama anyamaze, wala usifute kitu hata kikiharibika. Na akimaliza kusema, usibonyeze haraka. Ngoja kidogo.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani waliopanda na kushuka mlima kwa ajili yetu. Erick anakupa shikamoo, anasema akipata likizo atakuja kukulimia kile kipande cha juu. Mimi nitakuja njegere zikianza tena, na marimba nitaibeba. Nimeshapata utando mpya wa kuibandikia. Nyuma ya mlango bado hatufagii.

Ni mimi mkweo,
Yeremia
(Baba Erick)