Ova ya Mwisho ya Lanyero

Afande Ochola,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, kwa hiyo naanza na yangu. Mimi mzima. Mgongo unauma kama ulivyokuwa ukiuma. Bado nashusha magunia Port Bell mabehewa yakitoka kwenye meli, na bado nalala Kyebando katika chumba kilekile. Nyumbani Bungoma wanasema mvua imenyesha vizuri.

Sikuja kukuzika. Siku waliyokutoa hospitali ya Mulago kukupeleka kwenu Kitgum mabehewa yalikuwa yameingia, na msimamizi wetu unamjua, ukikosa siku moja nafasi yako inapata mtu. Nilisikia watu walikuwa wengi. Nilifurahi kusikia hivyo, kama kufurahi ndilo neno lake.

Nakuandikia kwa sababu ya mechi ya Jumamosi iliyopita. Nimejaribu kuwasimulia wenzangu bandarini. Mmoja akaniuliza, hiyo kriketi ni mchezo au ugonjwa? Nikaacha.

Mimi mwenyewe sikuijua. Jumamosi ile ya kwanza nilikuwa napita tu kando ya uwanja wa shule, nimebeba mkaa, ukaniita: "Wewe Mkenya, kuja hapa." Ukaniuliza kama nina mtoto kati ya wale watoto. Nikasema sina. Ukauliza kama nina ndugu Kampala. Nikasema sina. "Vizuri. Wewe utakuwa refa." Nikakuambia shule niliacha darasa la sita. Ukasema, "Hii ni ya watoto. Hata wewe utaelewa." Watoto wakacheka, na mimi nikaweka mkaa chini.

Na kweli niliielewa. Ya wakubwa inakula siku nzima, hii fupi inaisha kabla ya chakula cha mchana. Watoto wanane kila upande. Wanapiga wawiliwawili, na kila wawili wanapewa ova mbili, kila ova mipira sita. Ukiangushiwa vile vijiti vitatu vya nyuma yako huondoki kama wanavyoondoka wakubwa. Timu inakatwa mbio tano, ndizo pointi zao, na wewe unaendelea kupiga. Ndiyo maana kila timu inaanza na mbio mia mbili. Nilikuuliza kwa nini mtu aanze na vitu ambavyo hajavitolea jasho, ukasema, "Ili mtoto asirudi nyumbani akiwa chini ya sifuri."

Na kila mtoto lazima arushe ova moja, awe hodari au dhaifu. Hiyo ndiyo uliyoilinda kuliko zote.

Kuhusu mipira inayokwenda kando ulinifundisha kwa kuninyoosha mikono wewe mwenyewe, kama unamkagua mwizi. Mpira ambao mpigaji hawezi kuufikia ni waidi. Wapigaji wanapewa mbio mbili na mchezo unaendelea, haurudiwi. Lakini katika ova ya mwisho ya mechi unarudiwa, mpaka mipira sita ya haki ipatikane, ili asitokee mtu wa kuwanyima wenzake mipira yao ya mwisho kwa makusudi. Kwa hiyo kila nahodha humficha mrushaji wake dhaifu katikati ya mechi. Binti yako Lanyero alikuwa anafichwa katika ova ya nne. Unajua mkono wake. Mpira ukitoka pale unakwenda unakotaka.

Kuna siku alirusha waidi karibu ova nzima, na wewe kocha ukasimama umefunga mikono kifuani. Mzazi mmoja akakwambia umwache mtoto wako apumzike. Ukamjibu, "Nyumbani ni mtoto yangu. Hapa ni mrushaji." Baadaye mlirudi kwenu kambi ya polisi, yeye mbele, wewe nyuma na begi la magongo. Niliwatazama mpaka mkakata kona. Sijui kwa nini nilitazama.

Sasa yaliyobadilika. Timu ya kambi haina kocha. Musa, mtoto wa konstebo yule mrefu, ndiye nahodha na ndiye anayepanga kila kitu, na anapanga vizuri ingawa anapiga kelele. Mwalimu Kaggwa, wa ile shule ya watoto wanaoletwa kwa magari, anataka sheria yako iondolewe. Anasema wasiojua kurusha wasimame uwanjani tu, warushe wanaojua, mechi ipate ladha. Makocha watakaa Jumapili hii kuamua.

Na mkeo alipewa mwezi mmoja awe amehama kambini. Sisemi ni ukatili. Chumba ni cha polisi, na polisi mwenyewe hayupo. Ijumaa nilikwenda kuwasaidia kufunga mizigo. Kitanda chenu kilikataa kupita mlangoni, tukakivunja. Lanyero alikuwa anakunja nguo. Akamuuliza mama yake kama lori la kuwapeleka Kitgum linaweza kupita uwanjani kesho asubuhi, kwa sababu ni siku ya mechi na hajarusha ova yake. Mkeo akasema, "Mpira? Sasa?" Mtoto akaendelea kukunja. Mimi nilikuwa na miguu ya kitanda mikononi, nikatoka nayo nje.

Jumamosi timu ya kambi ilifika ikiwa na watoto saba. Wakapiga kwanza. Mmoja akapiga mara mbili kuziba pengo, wakafanya vizuri. Kisha wakaingia kurusha, shule ya Mwalimu Kaggwa ikapiga, na ova ya saba ilipokuwa inaendelea kambi ilikuwa mbele kwa mbio kumi na sita. Musa alikuwa amesharusha ova yake, na sasa alishaanza kuzungusha bega arushe na ile ya wa nane asiyekuwepo. Hizo mbio kumi na sita, kwa mkono wa Musa, hazifikiwi na mtu. Na kambi haijawahi kuishinda shule ile, wewe ndiye shahidi.

Ndipo lori likasimama nje ya uwanja. Dereva alikuwa amepinda kutoka barabara ya Gulu na hakufurahi. Juu ya mizigo niliona meza yenu, miguu juu. Lanyero akashuka na gauni la safari, akavua viatu, akaviweka pembeni, akaja akasimama mbele yangu.

"Mimi ni wa nane," akasema.

Musa akaja mbio. "Wa nane anakuja asubuhi. Huyu amekuja kuaga."

"Sijarusha."

"Refa, mwambie. Huyu ataharibu."

Ulituambia mtoto akifika kabla ya ova ya mwisho anaingia, na kama hajarusha anarusha. Ova ilikuwa imebaki moja. Nilijua ni ile ambayo waidi inarudiwa, Musa alijua, Lanyero alijua. Nikasema, "Ova iko moja, na ni yake." Musa akampa mpira kama mtu anayetoa jino. "Rusha mbele basi. Usirushe Entebbe."

Afande, alianza vibaya. Waidi, halafu waidi tena, halafu nyingine. Kila mara nilinyoosha mikono, Musa akafunga macho. Mmoja ukawa wa haki, mpigaji akaupeleka mpaka kwenye ua. Halafu waidi tena. Watoto wa kambi walipiga kelele mwanzoni, kisha wakawa wanatazama chini. Kabla hajapata mpira wa tatu wa haki walikuwa wameshapitwa. Yaani mechi ilikuwa imekwisha na ova ilikuwa bado.

Dereva akapiga honi.

Mwalimu Kaggwa akaja mpaka katikati ya uwanja. Aliniita ssebo, yaani bwana, kwa upole, siwezi kumsingizia. "Ssebo, inatosha. Amerusha zaidi ya sita. Tuhesabu hizo, mtoto aende na mama yake."

Nilitaka kukubali. Mikono ilikuwa mizito kuliko baada ya gunia. Hakuna ambaye angenilaumu, hata wewe sina hakika kama ungenilaumu. Nikamtazama Lanyero. Alikuwa ameshika mpira kwa mikono miwili, na hakuwa analia. Alikuwa anangoja kujua kama yeye ni mrushaji au ni mtoto aliyefiwa. Nikamwambia Mwalimu, "Amerusha miwili. Imebaki minne."

"Ssebo, utamwaibisha."

Honi tena. Mkeo alikuwa amesimama kwenye mlango wa lori na mtoto mdogo mgongoni. Hajawahi kuupenda mchezo huu, unajua alivyouita. Nilidhani atamwita Lanyero. Akasema kitu kwa Kiacholi, kwa sauti kubwa, bila kutugeukia. Nikamuuliza Musa anasema nini.

"Anamwambia dereva azime injini."

Injini ikazimwa, tukasikia mpaka watu wa sokoni. Mwalimu Kaggwa akarudi kando. Musa alikaa kidogo akikwangua ardhi kwa kidole cha mguu. Kisha akaenda kusimama nyuma ya vijiti, mahali ambapo Lanyero angemwona. "Mimi usiniangalie," akasema. "Angalia kijiti cha katikati. Hakuna haraka, injini imezimwa."

Sitakudanganya kwamba mkono wake ulipona. Alirusha waidi nyingine, na nilizinyooshea mikono zote. Lakini katikati yake ilipita mipira ya haki. Wa tatu ulipigwa. Wa nne haukuguswa na mtu, na Musa akasema "eeh" kama mzee. Wa tano ulipigwa mbali sana, watoto watatu wa kambi wakaukimbilia kama vile mechi ilikuwa bado na kitu ndani yake. Wa sita ulikwenda sawasawa. Mpigaji akauzuia tu, ukarudi taratibu mpaka miguuni kwa Lanyero. Akauokota, akauleta, akaniwekea mkononi. Akawapa wote mkono kama mlivyozoea, akaanza na mpigaji, akamaliza na Musa, ambaye alimwambia kitu sikukisikia. Akavaa viatu.

Mkeo alimuuliza kitu alipofika kwenye lori. Hicho nilikielewa bila kutafsiriwa, kwa sababu Lanyero alijibu kwa Kiswahili. "Tumeshindwa. Lakini nimemaliza."

Mama yake akampandisha mbele, kwenye kiti cha karibu na dereva. Lori likaondoka. Sijapata habari zao tangu hapo, na bado ni mapema kupata.

Nilikusanya vijiti. Mwalimu Kaggwa akanisaidia kubeba magongo, akaniambia, "Ova ndefu sana ile, ssebo." Nikamwambia ilikuwa ya mipira sita. Akacheka kidogo, lakini Jumapili atasema aliyopanga kusema. Ni mtu wa msimamo.

Katika mikutano ile hujawahi kunisikia nikitoa neno. Wanazungumza Kiingereza, na mimi nakaa karibu na mlango, wewe ulikuwa unatosha kwa sisi wawili. Safari hii nitasimama. Nitasema kwa Kiswahili, atakayetaka kutafsiriwa atatafsiriwa. Nitawaambia niliyoyaona, jinsi nilivyokueleza hapa, bila kuongeza. Wakiiondoa sheria, watafute refa mwingine, mimi Jumamosi nitalala kama watu wengine. Wakiiacha, nakuahidi nitasimama pale, mtoto awe wa nani, mpaka mipira sita itimie.

Nakuacha upumzike, Afande. Ulisimama sana katika maisha yako, kwa kazi na kwa watoto wa watu. Mimi nakwenda, meli imeingia.

Wekesa,
refa wako