Nilimfumania Mama na Mwenza Wake

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijafunga saluni yangu kwa aibu. Mimi ni msusi, nina mume na watoto, na mama yangu mzazi anakaa nami tangu baba afariki, mama aliyefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu bila kujua kusoma hata bango la mlangoni, basi mwaka huu akaniambia ameanza darasa la watu wazima pale juu ya maktaba, nikacheka, nikasema sawa, bora atoke nyumbani. Nikaanza kuona mambo. Mama anapiga gauni pasi, anapaka mafuta mpaka visigino, anaimba bafuni, na siku moja napita nje ya chumba chake namsikia kwenye simu, "Mwenza wangu, usichelewe, nimekuwekea nafasi karibu yangu," na kwa kuwa simu yake huongea kwa sauti kubwa nikamsikia mwanamume akijibu, "Jana ulinikimbiza sana, leo twende polepole."

Mshauri, huyo ni bibi wa wanangu. Nikampigia kaka yangu, dereva wa lori, akaja na hasira zake, hatukuuliza mtu, tukapanda ngazi za maktaba, nikasimama mlangoni mwalimu bado anaandika ubaoni, nikasema, "Ni yupi humu anayejiita mwenza wa mama yangu?" Nikategemea mtu atainamisha kichwa. Walinyoosha mikono karibu wote, wazee wa kiume, bibi mwenye fimbo, na fundi saa mstaafu wanayemwita Babu Saa akasimama kabisa akasema, "Wiki hii ni mimi, mwanangu. Wiki ijayo ni huyu hapa." Kaka akashika ukuta. Mimi nikauliza kama hili ni darasa au danguro, na mengine siyaandiki.

Ndipo mwalimu, binti mdogo kwangu, akanieleza kwamba mwenza ni yule mnayekaa naye dawati moja, mmoja anasoma, mwingine anafuata maneno kwa kidole, na kila wiki wanabadilishana. Mama alivua miwani, akaifunga kwenye kitambaa, akapita katikati yetu, akashuka ngazi. Tangu hapo hatoki, na binti yangu alipompelekea kitabu cha shule alimwambia, "Mimi sijui kusoma, mpelekee mama yako." Wateja nao wakikaa kwenye kiti wanauliza, "Mwenza wangu wiki hii ni nani, anisuke?" Nimemnunulia mama gauni, hakuligusa. Na juzi Babu Saa alikuja kumuulizia, nikamwambia amelala, maana kusema kweli bado simwamini. Nifanyeje mama anisamehe bila mimi kurudi kwenye lile darasa, na je, nimkataze huyo mzee kuja kwangu?

Msusi niliyefedheheka

MSHAURI ANAJIBU

Msusi, nimesoma barua za wizi, za ndoa mbili kwa siri, za ndugu waliouziana viwanja hewa, na hakuna iliyonishtua kama yako. Umepanda ngazi za maktaba kwenda kumfumania mama yako na alfabeti.

Kosa la neno nalielewa. Hili "mwenza" wapenzi wamelichukua wakalifanya lao, tukasahau kwamba ni mtu yeyote mliye pamoja katika jambo. Masikio yako nayasamehe. Miguu yako siisamehe. Ulikuwa umesimama mlangoni kwa mama, ungegonga, ungeuliza, "Mama, mwenza gani tena huyo?" na mngecheka mpaka chai ipoe. Wewe ukaenda kutafuta dereva wa lori.

Na si wewe peke yako, ndiyo maana nawaka. Mtu akishastaafu tunamtaka akae kwenye kiti, alinde mlango, alee wajukuu, na akionyesha furaha ambayo hatukumpa sisi tunaitafutia uchafu. Mama yako alipita chini ya mabango maisha yake yote akiuliza watu, "Hapa pameandikwaje?" Hatimaye akathubutu kukaa dawatini na kukosea mbele za wengine bila kuona haya. Haya umempelekea wewe, bintiye, mpaka darasani. Halafu unamnunulia gauni. Nani alikwambia amekosa nguo?

Unataka msamaha bila kurudi kule. Haupo. Matusi uliyatoa mlangoni pa darasa, na radhi utaiombea hapo hapo, wewe na kaka yako, na asikuletee habari za safari, lori litamngoja. Muwaombe radhi wazee wale na mwalimu wao, hata kama ni mdogo kwako. Mama usimburute kwenda kushuhudia. Wateja wakikutania, cheka nao, utani huo umeuchuma mwenyewe.

Babu Saa mfungulie mlango. Alikuja kumjulia hali mwenzake uliyemfukuza darasani, na amekutangulia wewe unayelala naye nyumba moja. Kama siku moja atageuka mwenza wa aina ile unayoiogopa, mama yako ni mjane na ni mtu mzima, na sehemu yako katika jambo hilo itakuwa kumpa shikamoo na kumsogezea kiti.

Nimeirudia barua yako nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Umeniandikia mafuta, visigino, simu, mikono iliyonyooshwa. Hukuandika popote mama alikuwa amefika wapi katika kusoma kwake, kwa sababu hujawahi kumuuliza. Ukitoka kuomba radhi, kaa kitandani kwake umuulize. Akinyamaza, usiinuke haraka. Kesho yake muulize tena, na kesho kutwa, mpaka achoke kukunyima jibu.